Wengen: Bibi Naye Yuko Juu

Nina siku tatu tu hapa, na sina subira ya kungoja ya nne ndipo niandike. Wengen. Uswisi, jimbo la Bern. Liandike jina hilo mahali ambapo halitapotea! Nimekaa miezi mitano nikitafuta kijiji cha Ulaya cha kwenda kuona theluji na familia, nimelinganisha ramani hadi macho yakauma, na sasa nimesimama kwenye veranda ya chumba tulichopanga, vidole vimekufa ganzi, na mbele yangu Jungfrau nzima, mita 4,158, inageuka rangi ya waridi jua likizama. Ninachotamani ni kumshika mkono kila msomaji nimlete hapa.

Tuko watano. Mimi na mama tumetoka Moshi. Mama ana miaka 71. Dada yangu na shemeji wanaishi Bern, na binti yao wa miaka 9 anateleza kwa ski kama aliyezaliwa nazo miguuni. Mimi sikuwahi kuzigusa. Mama hana mpango wa kuzigusa. Swali langu la kuchagua likawa hilo tu: ni kijiji gani kitawaweka watu hawa wote mlimani siku moja, wasiagane asubuhi na kuonana usiku?

Matangazo hupima vijiji vya ski kwa kilomita. Ufaransa wana Les Trois Vallées, kilomita 600 za njia zilizoungana, na ndani yake kuna Val Thorens, kijiji kilichojengwa kwenye mita 2,300 ambako theluji haina wasiwasi. Austria wana St. Anton, kwa wenye mapaja ya chuma. Bulgaria wana Bansko, ambako gharama ni nafuu kuliko hapa kwa mbali. Zermatt, ng'ambo ile ya milima ya Uswisi, nilikaribia sana kuichagua kwa ajili ya mlima Matterhorn. Lakini nikajiuliza: mtu anayevaa ski kwa mara ya kwanza atazifanyia nini kilomita 600? Siku mbili za mwanzo anahitaji kiwanja cha mita mia moja, mwalimu mwenye moyo, na mahali pa chai karibu. Na mama anahitaji usafiri wa kumfikisha juu akiwa amekaa.

Usafiri huo ni treni, na treni ndiyo siri yote ya Wengen.

Magari hayafiki hapa. Ukitua Zürich unapanda treni uwanjani hapo hapo hadi Interlaken, unabadilisha kwenda Lauterbrunnen, na ndipo mambo yanapoanza. Lauterbrunnen imelala kwenye bonde lenye kuta za mawe zilizosimama wima pande zote mbili, na maporomoko ya Staubbach yanaanguka karibu mita 300 pembeni mwa nyumba za watu. Wenye magari huyaacha hapo. Kila mtu, tajiri na maskini, anahamia kwenye treni ndogo ya reli ya meno: katikati ya reli mbili kuna ya tatu yenye meno, na gurudumu chini ya treni linayauma jino baada ya jino, ndiyo maana inapanda mteremko ambako treni ya kawaida ingeserereka. Njia hii ilifunguliwa mwaka 1893. Dakika kumi na kitu, bonde linazama chini, theluji inaanza kama vumbi la unga kwenye misonobari, kisha inakuwa nene, kisha treni inasimama na unatua katikati ya kijiji cheupe kisicho na mlio hata mmoja wa injini. Nasikia viatu vyangu vikikanyaga theluji. Krach, krach. Nasikia kengele ya kanisa. Mama alisimama pale stesheni, akaweka mkoba chini, akasema, "Mwanangu, mbona kimya hivi?"

Jambo moja limenishangaza kuliko yote. Wengen iko mita 1,274 tu juu ya bahari. Nairobi iko juu zaidi, karibu mita 1,800! Watu wa Nairobi wanaishi juu kuliko kijiji hiki cha ski na hawajawahi kupangusa theluji mlangoni. Tofauti ni jua. Huku tuko zaidi ya nyuzi 46 kaskazini ya ikweta, na jua la Januari linapita chini chini, linachungulia juu ya milima kwa saa chache kisha linajificha. Kwetu linapita utosini, ndiyo maana theluji imekimbilia vilele virefu tu, kama Kibo cha Kilimanjaro.

Basi, ski! Siku ya kwanza tulikwenda dukani kukodi. Ski, fimbo, helmeti na viatu, na hivyo viatu ndivyo vya kuangalia. Ni vigumu kama plastiki ya ndoo, vinafungwa kwa bizimu nne, na vikikubana vibaya siku nzima imeharibika. Nilipewa jozi iliyoniumiza kifundo, nikavumilia kwa aibu ya mgeni, nikalipa kwa maumivu hadi jioni. Usivumilie. Rudi ukabadilishiwe siku hiyo hiyo. Koti nililileta mwenyewe kutoka soko la Memorial, Moshi, mtumba safi kabisa wa koti la ski, lile lile ambalo kwetu huvaliwa na waendesha bodaboda na wapagazi wa mlimani. Dada alilikagua, akakuta mfuko mdogo kwenye mkono wa kushoto ambao sikujua kazi yake. Kumbe ni wa kadi ya lifti! Unapita getini, mashine inaisoma kadi ikiwa ndani ya koti, geti linafunguka. Koti limekaa kwetu miaka, limerudi kwenye theluji, na mfuko wake umepata kazi.

Uwanja wa wanaoanza uko katikati ya kijiji, kwa hiyo unajifunzia mbele ya stesheni, mbele ya hoteli, mbele ya watu wanaokunywa kahawa. Hakuna anayekutazama, kwa sababu kila aliye hapo naye alianguka jana. Mkanda unaotembea unakupeleka juu ukiwa umesimama, na mwalimu anakungoja.

Nataka kueleza alichonifundisha kwa sababu kimebadilisha siku yangu. Akili ya mwanadamu ikiona mteremko inasema: egemea nyuma. Ukiegemea nyuma, uzito unatoka kwenye ncha za ski, na ski zikikosa uzito mbele hazikusikii tena, zinakwenda zitakako. Lazima uegemee mbele, goti limepinda, mfupa wa ugoko unasukuma ulimi wa kiatu. Mwili mzima unakataa! Kisha unaleta ncha za ski karibu na kutanua visigino, umbo la kipande cha pizza, ndivyo wanavyowaambia watoto. Kingo za ndani zinauma theluji na mwendo unapungua. Ukitaka kupinda kushoto, kanyaga kwa nguvu mguu wa kulia. Kulia, kanyaga wa kushoto. Nilianguka mara sita asubuhi ile. Mara ya saba nilikanyaga mguu wa kulia na dunia ikageuka kushoto taratibu, kama mlango mzito unaofunguka, na nikapiga kelele hadi mpwa wangu akaja mbio. "Mama mdogo, umepinda! Umepinda!"

Nikamsimulia juu ya Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki mbio za ski za Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alifika wa mwisho, na bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja mwishoni ili amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Nikamsimulia pia juu ya Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, akakulia Austria, akaiwakilisha Kenya katika ski za milimani mwaka 2018. Mtoto alirudia jina la Kilifi mara tatu. Kesho yake alilitafuta kwenye ramani.

Na mama? Mama siku hiyo alipanda treni ile ile ya meno kuendelea juu hadi Kleine Scheidegg, mita 2,061, na dada. Saa sita mchana shemeji na binti yake wakamfikia kwa ski. Mimi nikavua zangu, nikapanda treni iliyofuata, na wote watano tukakaa meza moja kwenye jua, chini ya ukuta wa kaskazini wa Eiger. Ukuta huo haukupandwa na mtu yeyote hadi 1938, na wengi walifia humo wakijaribu. Sisi tumekaa chini yake tunakula rösti, viazi vilivyokunwa na kukaangwa hadi vikakauka rangi ya dhahabu, yai juu. Hiyo ndiyo meza niliyoitafuta miezi mitano! (Kuhusu fondue, jibini la kuchovya mkate: kwa desturi hupikwa na mvinyo mweupe, mara nyingi na pombe kali kidogo, kwa hiyo asiyetumia aulize kabla ya kuagiza.)

Siku ya tatu, leo, tumempeleka mama Jungfraujoch. Reli ya kwenda huko ilichukua miaka 16 kujengwa, ikafunguliwa 1912, na sehemu yake kubwa ni handaki lililochimbwa ndani ya milima ya Eiger na Mönch. Unatokea mita 3,454, chini kidogo ya kambi ya Horombo kwenye njia ya Marangu. Hewa ni nyepesi, na tulimtembeza mama pole pole kama waongozaji wa kwetu wanavyowatembeza wageni. Mbele kuna barafu ya Aletsch, mto wa barafu mrefu kuliko yote katika Alps, unajipinda hadi unapotea kwa mbali. Mama amezaliwa kihambani, migomba na kahawa, na Kibo ikiwa juu ya paa la jikoni maisha yake yote. Kupanda walipanda Wazungu, na vijana wetu wakiwabebea mizigo. Leo alivua glovu, akaokota theluji, akaifinya hadi ikatoa maji kati ya vidole. Hakusema kitu. Dada yangu alilia. Mimi pia.

Angalia hili, maana limewaponyoka wengi: kadi ya ski inalipia treni za kawaida hadi Kleine Scheidegg na stesheni ya juu yake, Eigergletscher, lakini Jungfraujoch ina tiketi yake, na ni ghali. Uswisi yote ni ghali, nakubali waziwazi. Tumepanga chumba chenye jiko, tunanunua dukani na kupika jioni. Ukilala Lauterbrunnen, chini bondeni, unapanda kwa treni kila asubuhi na mara nyingi unaokoa pesa. Na kuna hatari ya kweli: urefu wa mita 1,274 ni mdogo, na upepo wa joto wa föhn ukivuka milima kutoka kusini, theluji ya kijijini inaweza kuyeyuka kwa siku chache na uwanja wa wanaoanza ukabaki majani na matope. Ndiyo maana nasema njoo kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Machi, ukikwepa majuma ya likizo za shule ya Februari, na uwe tayari kujifunzia juu zaidi ikibidi.

Lakini kama unapenda kelele, njoo katikati ya Januari kwenye mbio za Lauberhorn! Zimekuwapo tangu 1930. Njia yake ina urefu wa karibu kilomita nne na nusu, ndefu kuliko zote katika Kombe la Dunia, na mwaka 2013 Johan Clarey wa Ufaransa alipimwa hapo akienda kilomita 161.9 kwa saa. Wakimbiaji wanapita kwa kasi chini ya daraja la treni hii hii yetu. Tulilipita leo, nikabana uso kwenye kioo kutazama lile tundu jembamba wanamopita, na tumbo likanikata. Chumba juma hilo ni cha kuwahi mapema sana.

Sijagusa hata nusu ya mambo. Ng'ambo ya bonde kuna Mürren, ambako mashindano ya kwanza ya slalomu ya kisasa yalifanyika mwaka 1922. Upande wa pili kuna Grindelwald na baiskeli yake ya mbao isiyo na magurudumu, velogemel, iliyobuniwa huko 1911 na inayoendeshwa kwenye theluji hadi leo. Mpwa wangu ameshaitaka.

Kesho ni Männlichen. Gari la waya linaondoka hapa kijijini na kukupandisha hadi juu ya mita 2,200 kwa dakika chache, na upande wa pili wa kilele kuna njia pana za bluu, zile rahisi, zinazoteremka kuelekea Grindelwald kama zulia. Mwalimu amesema niko tayari. Koti linakaukia juu ya bomba la joto, kadi iko mfukoni mwake, viatu nimebadilishiwa. Mama amemwita dada jikoni kumuuliza kama huko Männlichen nako wanauza chai.