Steringi Nyuma ya Kioo

Ukitaka kumpima mtafsiri wa sinema, mpe True Lies, vichekesho vya kijasusi alivyoviongoza James Cameron mwaka 1994 kutokana na filamu ya Kifaransa, La Totale! Mapigano yake hayahitaji mkalimani. Anayeitazama kwenye kibanda cha video Lusahunga au Benaco, malori ya Kigali yakinguruma nje, hapotei. Helen, mke wa jasusi, anaangusha bunduki, inadunda ngazi kwa ngazi ikijifyatua yenyewe, maadui wanaanguka mmoja mmoja. Hapo mtafsiri anyamaze.

Mtihani uko kwenye chumba cha mahojiano. Harry (Arnold Schwarzenegger) ni jasusi, lakini mkewe Helen (Jamie Lee Curtis) anajua mumewe anauza kompyuta. Harry anashuku kuna mwanaume mwingine, anamkamatisha mkewe na kumweka mbele ya kioo. Nyuma ya kioo wapo Harry mwenyewe na mwenzake Gib, wanamhoji kwa mtambo unaogeuza sauti. Helen anajibu ya moyoni, mpaka anakibamiza kioo kwa kigoda.

Tazama siri ilivyogawanywa: sisi tunajua yote, Harry nusu, Helen hajui lolote. Kicheko kinatoka humo, na kinabebwa na sauti mbili za Harry: ya mtambo inayohoji kikazi, na ya mume anayeteta na Gib pembeni. Sasa kwa mtindo tuliouzoea tangu mikanda ya mtafsiri Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, mtu mmoja anawasemea wote. Asipozitenga sauti hizo, kinachobaki ni mwanamke anayeonewa na polisi. Akitukumbusha kila mara kwamba anayehoji ni mumewe, ndiyo kabisa kauharibu mzaha.

Kwa Simon, mwanaume huyo anayeshukiwa, muuza magari anayejifanya jasusi ili apate wanawake, kanuni inageuka. Harry, akiwa naye garini, anamtwanga ngumi ya uso. Picha inarudi, kumbe aliwaza tu. Hapa mtafsiri apige kelele "kamchapa!" na adanganyike pamoja nasi.

Magaidi anaopambana nao Harry ndio udhaifu wa filamu, Waarabu wa katuni. Waarabu wa Marekani walilalamika ilipotoka, na walikuwa na haki. Lakini mzaha mmoja wa upande huo umepimwa vizuri: kiongozi wao, Aziz, anahutubia kamera kwa vitisho, anapandisha sauti, na mpiga picha, akitetemeka, hathubutu kumkatiza kumwambia kwamba betri inaisha. Mtafsiri amwachie Aziz hotuba yote, kwa sauti ya juu kabisa, ndipo aseme "betri" kwa kunong'ona.