Kufuata Vyombo Baada ya Maji

Katika semina yetu mjadala wa kitabu cha Sarah M. Broom, The Yellow House (2019), nusura uishie kwenye ugomvi. Mwenzetu mmoja alisimama akasema kitabu hakina msuko. Eti kimbunga kinachelewa mno kufika, na kikifika mwandishi mwenyewe hayupo. "Sasa huyu anatusimulia nini, na siku ile alikuwa zake Harlem?" Darasa likacheka. Nami nilicheka, nakiri. Tangu hapo nimekisoma tena, na naona tulicheka mapema.

Kwa ambao hawajakisoma, hiki si riwaya bali ni kumbukumbu za familia. Mwaka 1961 Ivory Mae, mama wa mwandishi, akiwa na miaka 19, alinunua nyumba nyembamba ya mbao mashariki ya jiji la New Orleans, vyumba vimefuatana kama mabehewa. Mtaa ulikuwa wa matumaini wakati huo, kiwanda cha NASA kiko jirani. Humo walilelewa watoto kumi na wawili, Sarah akiwa kitindamimba. Baba yake, Simon, alifariki Sarah akiwa na miezi sita tu, na ukarabati aliouanza haukuisha. Tarehe 29 Agosti 2005 Katrina ikapiga, kingo za mifereji zikapasuka, karibu asilimia 80 ya jiji ikafunikwa na maji. Mwaka uliofuata nyumba ikabomolewa. Kitabu kilipata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 2019, lakini tuzo peke yake si hoja.

Hoja yangu ni hii: safari ya kurudi kufuata vyombo ndiyo iliyokipa kitabu kizima umbo lake. Sisi wahakiki wa kwetu tumezoea kuuliza mgogoro uko wapi. Hapa mgogoro umo ndani ya kuta. Umo katika mapazia anayoshona Ivory Mae ili nyumba ipendeze machoni pa watu, na katika aibu inayomfanya binti asithubutu kumkaribisha rafiki nyumbani. Karibu nusu ya kitabu inapita hivyo, na ndipo wenzangu waliposinzia. Lakini jaribu kuikata nusu hiyo. Watu watakaporudi baada ya kimbunga, wewe msomaji utaona takataka tu. Broom ametulazimisha tukae kwanza na vitu vile vikiwa na kazi, na haya zake zote, ili tukifika kwenye uharibifu tujue nini kinakosekana bila kuambiwa.

Mtu anaweza kunijibu kwa Zora Neale Hurston. Katika Their Eyes Were Watching God (1937), ambamo tunakutana na kimbunga kilichojengwa juu ya kile cha Florida cha mwaka 1928, kimbunga ndicho kilele, na hakuna anayelalamika. Kweli. Ila angalia Janie anarudi na nini. Amegawa kila kilichokuwamo katika kibanda chao, amebaki na pakiti ya mbegu alizoziacha Tea Cake. Pakiti moja! Hurston anaweza kumpunguzia mhusika wake mzigo kiasi hicho kwa sababu anaandika riwaya. Anachagua kitu kimoja kibebe vyote. Broom hana uhuru huo. Ndugu zake wako hai, wengi, na kila mmoja ana lake la kudai katika nyumba ile.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali la Harlem. Katika sehemu ya tatu, yenye jina la Maji, sura kadhaa zinaitwa kwa vitenzi vitupu: kukimbia, kuokoka, kuzika. Na mwandishi anaachia wengine usemi. Carl, kaka yake, aliyebaki mjini na kukaa juu ya paa akingoja kuokolewa, anasema kwa lugha yake; mama anasema; na wengine. Mtu ambaye hakuwapo hajifanyi alikuwapo. Anafanya kama yule ndugu anayekuja na gari baada ya msiba: hana la kueleza, anauliza tu hiki ni cha nani, kile kiwekwe wapi. Kifani huu ni uamuzi mkubwa kuliko unavyoonekana. Angeweza kabisa kuyasimulia yote kwa nafsi yake, na sentensi zake nzuri zile zingeyameza maneno ya Carl.

Ajabu ndogo: yeye huandika Maji, kwa herufi kubwa, mahali ambapo wengine husema Katrina. Mimi nalisoma neno hilo kama shutuma. Kimbunga ni kazi ya anga, lakini maji yalipita kwenye kingo zilizojengwa na watu.

Tulinganishe na filamu ya Spike Lee, When the Levees Broke (2006). Mpiga tarumbeta Terence Blanchard, ambaye ndiye pia aliyetunga muziki wa filamu hiyo, anamrudisha mama yake nyumbani kwake. Mlango unafunguliwa, samani zimepinduka, na mama analia. Nimeitazama mara tatu na sijaweza kuizoea. Hata hivyo kamera haina ya kutuonyesha sebule ile ilivyokuwa zamani, inategemea machozi. Baadaye Blanchard alitunga kipande cha muziki kwa ajili ya mama yake katika albamu ya 2007, kana kwamba naye aliona picha haikutosha.

Kuna barabara nyingine katika kitabu, ya makaratasi. Mwaka 2006 jimbo la Louisiana lilianzisha mpango wa ruzuku likauita Road Home, yaani Njia ya Nyumbani. Ukipewa jina hilo na mtunzi wa tamthiliya utamwambia amezidisha kejeli. Ruzuku ilikadiriwa kwa kutazama thamani ya nyumba kabla ya kimbunga au gharama ya kujenga upya, na kuchukua iliyo ndogo. Sasa, mbao na misumari haziulizi mtaa, bei ni ileile. Lakini nyumba ya mtaa wa Weusi ilikuwa na thamani ndogo sokoni. Watu walikwenda mahakamani, shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2011. Na barua ya kuwajulisha akina Broom kwamba nyumba itabomolewa ilitumwa wapi? Kwenye anwani ya nyumba hiyohiyo isiyo na mtu. Broom halii hapo wala hapigi kelele, anaiweka barua mbele yetu tu.

Penye udhaifu sitamtetea. Baada ya Maji, Broom alikwenda Burundi akafanya kazi katika redio huru ya Bujumbura. Nilifika ukurasa huo nimekaa wima, maana mimi ni wa Kigoma. Nimekua nikiona malori ya Warundi wanaorejea kwao, magodoro na baiskeli na sufuria zimefungwa kwa kamba, na baadaye tukisikia kuwa fulani alikuta shamba lake linalimwa na mwingine. Waliokimbia mwaka 1972, na wale wa vita vilivyoanza 1993, wote walilijua swali la Broom kabla yake: ukirudi, unachukua nini, na nani anakubali kwamba ni chako? Alikuwa katikati ya watu hao. Lakini sura ni fupi, na zaidi inahusu upweke wake. Nilihuzunika, jamani. Hapa ndipo naona mwenzangu angepiga penyewe kama angesoma hadi huku.

Kuelekea mwisho Carl anaonekana tena. Nyumba haipo, kiwanja kitupu, naye huja kukata majani na kukaa pale, kama mtu aliyeagizwa kulinda mzigo. Hakuna cha kupakia garini.

Mwenzangu wa semina nilimsomea kurasa hizo tukiwa kantini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema bado anashikilia: kitabu hicho angekiandika Carl. Nikamwambia huenda, ila Carl alikuwa na majani ya kukata.