Saa ya Kalamu na Saa ya Duka

Lugha ya vitabu hutenganisha kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya: mchapaji ni mwenye mitambo, wino na karatasi, ilhali mchapishaji ni yule anayekigharimia kitabu, anayekitafutia wasomaji na ambaye hasara ikitokea humwangukia yeye. Mwandishi wa riwaya anayejichapishia ni mtunzi aliyeamua kuwa mchapishaji wake mwenyewe, na kwa uamuzi huo huwa amejiajiri mara mbili katika siku ambayo haikuongezwa hata dakika. Ustadi wa kuigawa siku hiyo hausifiwi na wahakiki, kwa kuwa hauonekani kitabuni.

Ugumu wake hautokani na wingi wa kazi peke yake. Kazi za duka, kama vile kumfuatilia mchoraji wa jalada, kuomba namba ya ISBN, kuwajibu wateja na kupeleka vifurushi stendi ya mabasi, zina wenye kuzidai, na simu italia. Riwaya haina wa kuidai; sura ya saba isipoandikwa leo, hakuna atakayeulizia. Ndiyo maana duka hula saa za kalamu, na mwandishi anaweza kuimaliza siku akiwa hoi, hajaandika hata sentensi moja, na bado akaamini kwa dhati kwamba ameshinda kazini.

Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, hakujichapishia, lakini aliijua vyema siku yenye mabwana wawili, maana aliandika riwaya nyingi akiwa mtumishi wa Posta, ajira aliyoiacha mwaka 1867. Katika tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1883 baada ya kifo chake, anaeleza kwamba alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akiamshwa na mtumishi mzee aliyelipwa pauni 5 za ziada kwa mwaka kwa kazi hiyo. Nusu saa ya kwanza aliisoma kazi ya jana, akiipima kwa sikio, kisha, saa ikiwa mbele yake, alijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Kwa hesabu ya saa za Kiswahili, alipoketi mchana ulikuwa haujaanza: alianza kuchuma katika mkia wa usiku, kabla ya muda ambao mwajiri angeweza kuudai.

Wasomaji waliozoea kumdhania mtunzi kuwa mtu wa kusubiri kushukiwa na maono walichukizwa na hesabu hizo, na sifa yake ikashuka. Walikosea, kwa sababu kilichowaudhi ndicho chenye thamani: Trollope alijipima kwa maneno yaliyobaki kwenye karatasi, si kwa muda aliokaa kitini, na muda wa kukaa kitini ni kipimo kinachomfariji mvivu.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake ya watunzi waliojichapishia. Ben Mtobwa alikuwa na Heko Publishers jijini Dar es Salaam, na kabla yake, mwanzoni mwa miaka ya 1970, David Maillu alianzisha Comb Books jijini Nairobi, akavitoa vitabu vyake mwenyewe. Kimojawapo, cha mwaka 1974, kinaitwa After 4.30, yaani baada ya saa kumi na nusu jioni, wakati wa kufunga ofisi. (Kitabu chenyewe kinasimulia mambo mengine yafanyikayo saa hizo, lakini jina lake lingefaa kubandikwa juu ya meza ya kila mtunzi mwenye ajira.)

Siku hizi hadithi nyingi huuzwa kwa simu, vipande kwa vipande. Anayeandika kila kipande usiku wa kuamkia siku ya kukitoa huwa amewakabidhi wateja kalamu yake: malaria ikimlaza siku tatu, sehemu ya 14 haitoki, na waliokwisha kulipa humjia juu. Aliye stadi hatoi sehemu ya kwanza mpaka ya ishirini iwe tayari.

Hata hivyo, zipo saa zinazowatumikia mabwana wote wawili. Kwa kawaida karatasi moja kubwa, ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa mara tatu, hutoa kurasa 16. Kwa hiyo riwaya ya kurasa 130 huweza kulipiwa 144, na mtunzi anayelijua hilo mapema huketi asubuhi moja, akapunguza aya chache zilizolegea hadi zibaki kurasa 128. Kisha husoma nakala ya majaribio akiwa na rula chini ya kila mstari, kwa kuwa jicho lililoandika "alimwambia" huendelea kuliona neno hilo hata pale palipochapwa "alimwabia".

Mswada ukishafika kwa mchapaji huja siku za kungoja, duka halina bidhaa na kalamu haina hadithi, na wengi huzimaliza kwa kupiga simu kuulizia mitambo imefika wapi. Trollope alipoimaliza Doctor Thorne, alianza riwaya nyingine kesho yake.