Kioo Kibichi cha Carleton Watkins

Mwaka 1861 mpiga picha Carleton Watkins aliingia bonde la Yosemite, California, na msafara wa baghala waliobeba hema la giza, chupa za kemikali na vioo vya inchi 18 kwa 22. Ukubwa huo haukuwa mbwembwe. Picha ilichapwa kwa kulaza kioo juu ya karatasi, hivyo aliyetaka picha kubwa alibeba kioo kikubwa.

Kazi yenyewe ilikuwa mkononi. Alimimina kolodioni, kimiminiko kizito cha kunata, katikati ya kioo, akakiinamisha pembe baada ya pembe mpaka utando uenee sawasawa, ziada ikarudi chupani. Mkono ukisita, utando unaweka mikunjo. Vumbi likitua, linabaki pichani. Kisha kioo kilizamishwa kwenye nitreti ya fedha na kuwahishwa kamerani, kipigwe na kusafishwa kingali kibichi. Muda wote huo ni dakika kumi na ushei tu, na ndani yake lazima upepo utulie, maana kila jani linalotikisika linageuka ukungu.

Kemikali za kioo ziliitikia zaidi rangi ya buluu, kwa hiyo anga lilitoka jeupe, tupu. Wapiga picha wengine walilia nalo. Watkins alilitumia: mwamba wa El Capitan unasimama dhidi ya weupe huo, ukingo wake umechongoka kama umekatwa kwa wembe.

Lakini bonde lenyewe halikuwa tupu hivyo. Miaka kumi tu kabla, kikosi cha wanamgambo cha Mariposa kiliwafukuza wenyeji wa bonde, Waahwahneechee, na kuchoma vijiji na akiba yao ya chakula. Watkins naye alishapiga picha eneo la migodi ya dhahabu ya Mariposa. Jicho lile lile liliwahudumia wenye mitaji. Picha za Yosemite zilionyeshwa New York mwaka 1862, na Juni 30, 1864 Rais Lincoln, ambaye hakuwahi kufika bondeni, alitia saini sheria ya kulihifadhi kwa ajili ya umma. Wenyeji hawakuhesabiwa katika umma huo.

Katikati ya miaka ya 1870 madeni yalimnyang'anya Watkins studio na vioo vyake. Mpiga picha mwingine, Isaiah Taber, akavichapa kwa jina lake mwenyewe. Watkins, aliyezaliwa 1829 na sasa si kijana tena, alirudi milimani na vioo vitupu, akapiga upya, akauita mkusanyo huo Mfululizo Mpya wa Watkins.