Nyumba katika Al-Inkishafi: Je, ni Anasa Tu?

Watahiniwa wengi huandika kwamba magofu ya Pate katika utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir yanaashiria anasa iliyokwisha. Ni sahihi, ila jibu hilo halitoshi. Pate ni mbali. Mwalimu wa Mombasa na awapeleke wanafunzi Mji wa Kale, mtaa wa Kibokoni, watazame dari za boriti za mikoko. Urefu wa boriti, takriban mita 3, ndio uliopima upana wa chumba. Nyumba kama hizo zilikua pamoja na jamaa: binti akikaribia kuolewa, mara nyingi baba aliongeza ghorofa. Kwa hiyo ndege wanapolala madakani, ukoo umekatika. Ndipo mshairi anapouliza waliko wenyewe.