Kusitiri na Kutoa Dukuduku: Afya ya Moyo katika Maandishi ya Unguja

Wahakiki wa riwaya za Unguja wamezoea kuziuliza maswali mawili: nani amiliki mali, na nani aitolea jasho. Maswali hayo yana haki yake, kwa kuwa nyingi katika riwaya za kisiwa hicho zilizotoka baada ya mwaka 1970 ziliandikwa na watu walioishi katika zama za Mapinduzi ya Januari 1964, na haikuwa rahisi kwao kuandika juu ya shamba la mikarafuu au gati la bandari bila ya kumtaja bwana na mtumishi wake. Lakini liko swali la tatu ambalo halijapewa nafasi ya kutosha: mtu aliyeumia moyoni, katika maandishi haya, hupona kwa njia gani, au hukosa kupona kwa sababu gani? Makala haya yanakusudia kulifuata swali hilo katika maandishi matatu, nayo ni *Wasifu wa Siti Binti Saad* wa Shaaban Robert, *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, na *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi.

Kwanza yafaa tutazame lugha yenyewe, maana Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno ya huzuni, wala hayafanani kazi. Kihoro humshika mtu aliyepotewa na alichokipenda. Jitimai ni huzuni nzito inayokaa. Kinyongo huwekwa, na mwenye kukiweka hujua kuwa amekiweka. Fundo hufungwa na huweza kufunguliwa. Dukuduku, kwa upande wake, hutolewa. Twasema fulani ametoa dukuduku lake, kana kwamba ni kitu kilichosongwa ndani kikapata mlango. Waliozungumza Kiswahili zamani hawakungoja mwaka 1948, ilipoanza kutumika katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoitaja afya kuwa ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha ya pamoja, ili wajue kwamba moyo nao huugua. Walijua, na wakajua pia kwamba maradhi mengine ya moyo hutaka kutolewa nje.

Hata hivyo, jamii hiyohiyo iliyolipa dukuduku mlango imejenga nyumba zake kwa kanuni ya sitara. Mwenye kupita katika vichochoro vya Mji Mkongwe huona kuta ndefu, milango iliyonakshiwa, na baraza za mawe ambapo mgeni huweza kupokewa bila ya kuingizwa ndani. Uwanja wa nyumba umo katikati, hauonekani kutoka njiani. Sitara hii si ubaya. Humhifadhi aliyefiwa asitazamwe na kila mpita njia, na humpa maskini heshima ya kula alichonacho pasipo kuhesabiwa tonge zake. Lakini wahenga waliosifu sitara ndio waliosema kwamba mficha uchi hazai, na kwamba nyumba njema si mlango. Basi mvutano ambao waandishi wetu wameurithi ndio huu: kusitiri ni dawa, na kusitiri kupita kiasi ni sumu, na kipimo hakikuandikwa popote.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini-magharibi ya Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watu waliokuwa watumwa. Alifinyanga vyungu akavichuuza, kisha yapata mwaka 1911 akahamia mjini, akafunzwa kuimba na kupiga ala, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950. Miaka minane baadaye, wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert ulitoka pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na tangu hapo wanafunzi wengi wamemjua Siti kwa kalamu ya Shaaban kabla ya kumjua kwa sauti yake.

Uzuri wa kitabu hicho haubishiwi, lakini kina upungufu mmoja unaohusu mada yetu. Shaaban aliandika wasifu kwa maana kamili ya neno: sifa zimetangulia. Dharau aliyotendewa Siti kwa ajili ya nasaba yake na sura yake inatajwa, lakini hutajwa ili ishindwe mara moja. Machungu ni ngazi ya kupandia fadhila. Msomaji huambiwa kwamba Siti alistahimili, wala hapewi nafasi kubwa ya kukaa na mtu anayestahimili, kuona jinsi siku moja inavyopita na nyingine ikaja na mzigo uleule. Hili halikutokana na ugumu wa moyo wa Shaaban. Latokana na imani yake kwamba kazi ya maandishi ni kumwongoza mtu kwenye wema. Lakini mwenye majonzi akikisoma kitabu hicho huweza kuondoka na somo la hatari, yaani kwamba waliokuwa bora kuliko yeye hawakulemewa.

Nyimbo za taarabu zilifanya kazi nyingine. Siti na wenziwe waliimba Kiswahili mahali ambapo taarabu ya kasri ilikuwa imezoea Kiarabu, na wakaimba mambo ya mitaa ya Ng'ambo: mahakama, jela, mapenzi yaliyovunjika, mwanamke aliyeuawa na muuaji wake akakimbia. Waliimba kwa fumbo, na fumbo ndilo linalostahili kutazamwa hapa. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, akaenda mbele kwa mwendo wa taratibu, akamtunza mwimbaji, kisha akarudi kitini pake. Hakusema neno. Wala hakuna awezaye kumshika na kumwambia, "Umekiri." Lakini wote wameona kwamba ubeti ule ni wake. Dukuduku limetoka na sitara haikuvunjika. Sijui desturi nyingine ya fasihi ya Kiswahili iliyolitatua tatizo hili kwa ustadi kama huo, na mhakiki anayeyasoma maneno ya taarabu karatasini tu, akayapima vina na mizani, ameiacha nusu ya kazi yenyewe ukumbini.

Pamoja na hayo, tusilitukuze fumbo kupita kadiri. Fumbo linaloweza kumfariji mmoja huweza kumchoma mwingine, na historia ya vikundi vya taarabu vya wanawake mjini Unguja imejaa kurushiana maneno, hadi zama zetu hizi za mipasho ambapo wimbo hutungwa ili jirani asipate usingizi. Tena fumbo lamfaa mwenye huzuni inayofanana na huzuni za wengine. Aliye na msiba wa peke yake huenda asisikie ubeti wake usiku kucha. Desturi ya Makunduchi ya Mwaka Kogwa yafuata njia iliyo kinyume. Katika mwezi wa Julai, mwaka wa Kishirazi unapoanza, wanaume wa pande mbili hupigana hadharani kwa mapande ya migomba, wanawake wakiimba, ili vinyongo vya mwaka uliopita visivuke kuingia mwaka mpya. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, na watu wakala pamoja. Hapo hakuna fumbo. Lakini vinyongo viwezavyo kuisha kwa pande la mgomba ni vinyongo vya watu walio sawa. Msichana aliyefungiwa ndani na babaye hana uwanja wa kupigania.

Msichana huyo ndiye Maimuna wa *Utengano*, iliyotoka mwaka 1980. Babaye, Maksuudi, ni mtu wa mali na jaha, anayeheshimiwa nje na kuogopwa ndani. Maimuna ametawishwa asione watu wala asionwe. Mamaye, Bi Tamima, anashikwa na uchungu wa kuzaa. Watu wanaingizwa nyumbani bila ya idhini ya mume ili kumsaidia. Na Maksuudi anaporejea malipo yake ni kipigo na talaka. Wahakiki wengi wameona hapa ukatili wa tabaka na wa mume, nao wamesema kweli. Lakini tuangalie jambo moja zaidi. Kosa ambalo Maksuudi hawezi kulisamehe si uzazi, ni mlango uliofunguliwa. Sitara, ambayo asili yake ni kumhifadhi mnyonge, imegeuzwa mali ya bwana, naye huihifadhi dhidi ya mnyonge mwenyewe. Na Maimuna anapotoka katika nyumba ile, anatoka bila ya kuwahi kufunzwa kumweleza mtu lililo moyoni mwake. Anauona ulimwengu, lakini hana lugha ya kuzungumza nao ila ulevi na ukahaba. Said Ahmed Mohamed hamlaumu kwa mahubiri. Anatuonyesha kwamba mlango uliofunguka kwa ghafula si sawa na moyo uliofunguka.

Yasmin wa *Vuta N'kuvute*, iliyotoka mwaka 1999 na kuonyeshwa katika filamu mwaka 2021, anaanza katika kifungo kinachofanana na hicho. Ni msichana wa Kihindi wa miaka kumi na mitano, ameozwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyemzidi umri mara tatu na zaidi, katika Unguja ya siku za ukoloni. Anamkimbia mumewe, jamaa zake wanamkataa. Hadi hapo msomaji wa *Utengano* angeutazamia mwisho uleule. Lakini Yasmin anampata Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, asiye na mali, apendaye ngoma na taarabu, ambaye anampokea chumbani mwake. Mwajuma hamwuguzi Yasmin kwa hekima kubwa. Utani wake una pilipili, na ushauri wake si wa kufuatwa kila siku. Anachompa ni mahali pa kulala, chakula cha pamoja, na masikio. Yasmin anasema lililompata kwa maneno yake mwenyewe, kwa mtu ambaye hataliuza.

Kwa maoni yangu hapa ndipo palipo tofauti kubwa baina ya riwaya hizi mbili, kubwa kuliko tofauti zao za siasa. Mapenzi ya Yasmin na Denge, kijana mpigania uhuru, ndiyo yaliyovuta macho ya wahakiki, na kweli ndiyo yanayoisukuma hadithi. Lakini Denge huja na kutoweka, kama ilivyompasa mtu anayewindwa na serikali. Anayebaki ni Mwajuma. Ukimwondoa Denge, Yasmin amepoteza mapenzi yake. Ukimwondoa Mwajuma, huenda Yasmin angekuwa Maimuna.

Msomaji huenda akapinga kwamba hoja hii inaugeuza umaskini na dhuluma kuwa mambo ya moyo tu, kana kwamba aliyeonewa akipata shoga wa kuzungumza naye basi ameridhika na kuonewa. Sivyo. Mwajuma hakumwambia Yasmin avumilie akarudi kwa Raza. Kule kusikilizwa ndiko kulikompa Yasmin nguvu ya kusimama. Wala sisemi kwamba riwaya yaweza kushika mahali pa daktari. Mjini Unguja iko hospitali ya maradhi ya akili, Kidongo Chekundu, na ubaya mmoja wa lugha yetu ya kila siku ni kulitumia jina hilo kwa dhihaka, hata mwenye kuhitaji msaada akaona haya kuutafuta. Fasihi inayotufunza kutaja jitimai kwa jina lake bila ya kicheko imekwisha kufanya sehemu yake.

Limebaki pengo moja ambalo waandishi watakaokuja wanapaswa kulitazama. Katika riwaya zote mbili, mahali pa kutolea dukuduku ni baina ya mwanamke na mwanamke. Wanaume wana baraza, wana kahawa na bao, wana habari za dunia nzima. Lakini Maksuudi, pamoja na jaha yake yote, hana mtu hata mmoja anayeweza kumwambia kwamba anaogopa. Adam Shafi alilikaribia jambo hili katika *Haini* ya mwaka 2003, riwaya ya mahabusi wa siku zilizofuata kuuawa kwa Rais Karume mwezi wa Aprili 1972, lakini huko ilibidi kwanza wanaume wafungwe gerezani. Riwaya ya mwanamume wa Unguja anayelitoa dukuduku lake barazani, mchana, mlango ukiwa wazi nyuma yake, bado haijapata mahali pake katika fasihi yetu, nayo yastahili kuandikwa.