Kitabu cha Bibi Goldin juu ya Kazi na Jamaa

Kitabu kiitwacho "Career and Family", yaani Kazi na Jamaa, kilitolewa mwaka 2021 na Bibi Claudia Goldin wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyepewa tuzo ya Nobel ya elimu ya uchumi mwaka 2023. Chauliza kwa nini mwanamke apata ujira mdogo kuliko mwanamume.

Jibu lake ni hili: ziko kazi zenye uroho, zilipazo kupita kiasi mtu awezaye kuitwa usiku na siku ya mapumziko. Mtoto azaliwapo, mmoja hushika kazi hiyo, na mwenziwe huchagua nyepesi apate kuangalia nyumba. Na huyo mara nyingi ni mke. Lakini wafamasia waweza kushikiana zamu bila hasara, basi kwao tofauti ya ujira ni ndogo.

Hayo ameyaeleza vema. Walakini wanawake anaowafuata ni hasa wale waliosoma vyuo vikuu. Je, afuaye nguo za watu, au afagiaye ofisi zao? Tena, msomi huoa msomi. Mishahara miwili mikubwa ikikutana katika nyumba moja, na miwili midogo katika nyingine, wake waweza kuwakaribia waume zao kwa ujira, na huku pengo la nyumba na nyumba likazidi kupanuka. Mizani ipimayo mume na mke peke yao haijaipima nchi.

Kisomwe kitabu hiki, ila msomaji asidhani kwamba habari imekwisha.